Salamu za Noeli kwa baba, mama na watoto

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa!

Noeli imefika. Mabasi ya Moshi, Rombo na Marangu yamejaa, shule za bweni zimefungwa, na nyumba ambazo mwaka mzima zilikuwa za babu na bibi peke yao sasa zimejaa kelele za wajukuu. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha. Heri ya Krismasi kwenu nyote, mlio safarini na mliobaki mjini kwa kukosa nauli.

Baada ya Noeli inakuja Sikukuu ya Familia Takatifu, ambayo Papa Benedikto wa 15 aliiweka katika kalenda ya Kanisa zima mwaka 1921. Wengi huwa inatupita hivi hivi, bado tuko kwenye ndafu. Mwaka huu naomba tuitafakari.

Katika Injili zote nne Yosefu hanukuliwi neno hata moja. Lakini alipoona Maria ana mimba, kabla malaika hajamtokea, Mathayo anasema hakutaka kumwaibisha. Hajaelewa lolote, na tayari anamlinda mchumba wake. Sasa tazama vikao vyetu vya Desemba: ukoo umekaa, mbege inazunguka, mume anaanza kusimulia jinsi mkewe asivyojua kupika machalari. Au mke anawatajia mawifi fedha ambazo mumewe hakuzifikisha nyumbani. Watu wanacheka. Aliyesemwa naye anacheka, macho yako chini. Ndugu yangu, ya chumbani yamalizeni chumbani.

Na watoto wanasikia. Hao hao tunawapanga na binamu zao, tunauliza nani kashika namba ngapi. Paulo aliwaandikia Wakolosai: "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Mtoto aliyefeli hisabati anajua kwamba amefeli. Kumsema mbele ya mashangazi hakumfundishi kugawanya. Kaa naye mezani asubuhi moja, mfungue daftari pamoja.

Kuna habari moja ya Luka ambayo naipenda kuliko zote. Yesu ana miaka 12, amebaki Yerusalemu. Wazazi wametembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani, wakarudi, na baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni. Kwa wasiwasi ule, ni rahisi kurushiana maneno: wewe ndiye uliyekuwa naye! Luka hakuandika ugomvi wowote. Maria anamwambia mwanawe kwamba baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta. Kwetu mtoto akiharibikiwa huwa ghafla wa mzazi mmoja: "mwanao huyo", "ndivyo ukoo wenu mlivyo". Likizo hii mkigundua kijana amebadilika, anajifungia, ana simu msiyojua imetoka wapi, kaeni kwanza ninyi wawili. Salini. Kubalianeni mtakachosema, ndipo mmwite.

Mama unayelea peke yako, na bibi unayelea wajukuu yatima, nawakumbuka kwa namna ya pekee. Mlio jumuiya moja nao, msisubiri watembeze bakuli: wapelekeeni mchele na nyama kabla ya mkesha, na watoto wao waalikwe mezani kwenu.

Madereva, msikimbizane barabarani, mmebeba familia za watu. Noeli njema, na Mtoto Yesu awabariki nyote.