Noah hapana, bati ndiyo

Kwako Dada Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, hofu yangu ni juu yenu huko, hasa Mama na goti lake.

Leo mchana tumeingia New Mexico. Kabla Mama hajaanza kulia, mwambie si Mexico ile. Ni jimbo la Marekani tangu mwaka 1912, hakuna aliyeniuliza pasipoti na makaratasi yangu yako sawa. Ni kibao tu kando ya barabara, na bendera ya njano yenye jua jekundu katikati. Ukishapita hapo saa inarudi nyuma. Sasa tumepishana kwa saa 9, kwa hiyo usinipigie tena saa 4 asubuhi ukimaliza kuuza vitumbua. Huku ni saa 7 usiku na Bibi ninayemfanyia kazi ana usingizi mwepesi.

Haya. Maneno ya Kaka Shabani kwenye grupu, ya kutaka nitume pesa anunue gari la Noah, nimeyaona. Nimeyaona tangu tukiwa Oklahoma, nikanyamaza, kwa sababu wakwe wamo mle na mimi sikulelewa kujibizana mbele ya wakwe. “Mwenye nyumba ya magurudumu hashindwi na Noah.” Na watu wakacheka! Hata Mwajuma kacheka, ambaye ada ya mwanawe tunaijua mimi na yeye.

Wewe unajua, Dada, lakini wasomee na wengine: gari-nyumba lile la kwenye picha si langu. Ni la Mzee na Bibi. Mzee alipostaafu alilinunua azunguke Marekani nzima, macho yakamwisha kabla ya majimbo kwisha. Mlangoni kabandika ramani nyeupe, na kila jimbo lina kibandiko chake cha rangi. Sharti mlale humo walau usiku mmoja, kupita tu hakuhesabiwi. Bibi hajawahi kuliendesha na hataki hata kusikia. Basi tangu Ohio anayeendesha ni mimi. Nawapikia, nawapa dawa, Mzee namwogesha, na usukani ni wangu. Ndiyo kazi yenyewe. Habari za kumwaga tangi la choo sikuandikii, pengine unakula. Na miwani ile ya kwenye picha nimevaa kwa sababu kulikuwa na jua.

Lakini kwa kuwa Kaka ndiye aliyeleta habari za magari, ngoja nimpe za magari.

Gari lina urefu wa futi 30. Nyuma huoni kitu, una saiti mira na kamera ambayo ikipata vumbi nayo haioni. Texas ile ya juu, huko Amarillo, ni tambarare tupu, na upepo wa ubavuni unalisukuma gari mpaka mikono inakufa ganzi. Hilo si neno. Mtihani uko kambini. Hapa Tucumcari tumepewa kiwanja chembamba, na lazima uingie kwa rivasi, ubavu wa kushoto wa gari ukae sawa na bomba la maji na nguzo fupi ya umeme, la sivyo waya haufiki. Na huku wazee wakiona gari geni linaingia, wanatoa viti nje na vikombe vya kahawa, waangalie mtu atakavyoaibika. Walipoona anayeshuka kukagua kiwanja ni mwanamke mweusi mwenye ushungi, wakasogeza viti karibu.

Nikamweka Bibi nyuma na fimbo yake, awe utingo. Nikalivuta gari mbele mpaka pua ikakaribia uzio wa ng'ambo, nikakata kushoto, nikaliacha lirudi lenyewe taratibu, jicho kwenye tairi la nyuma. Tairi likachungulia kwenye kokoto, nikanyoosha, nikakata tena kidogo. Bibi akagonga fimbo chini: simama! Nimeshuka, nguzo ya umeme iko pale pale inapotakiwa, mkono unaifikia. Mara moja, bila kurudia. Mzee mmoja aliyekaa na mbwa akavua kofia. Hakuna aliyesema kitu, wakarudisha viti.

Mwambie Kaka aliyefanya hivyo ni yule yule aliyefichwa funguo za Peugeot ya Baba, ati mwanamke akishika usukani gari linapata mkosi. Ilipata mkosi mikononi mwake, pale Segera, ikaja kuozea chini ya mwembe, na hakuna aliyelisema mpaka leo. Mimi nalisema.

Huku ni msimu wa pilipili. Nje ya maduka wanazichoma mbichi kwenye pipa la waya linalozunguka juu ya moto wa gesi, ngozi inapasuka na kuwa nyeusi, harufu inakuingia mpaka kwenye ushungi. Ukiagiza chakula unaulizwa nyekundu au ya kijani, na bunge lao limekaa likapitisha kwamba hilo ndilo swali rasmi la jimbo. Wabunge wazima! Nimenunua mfuko, nikakamulia ndimu na chumvi, nikala na wali. Haikufika achari ya Mama, hata karibu. Mtoto wa Mama Zuhura akija Desemba mpe chupa moja, aifunge vizuri.

Keshokutwa tunakwenda Albuquerque kwenye tamasha la maputo, yale makubwa ya hewa moto yanayopaa na watu. Yalianza 13 mwaka 1972 kwenye maegesho ya maduka, siku hizi ni mamia. Mzee anasema hata asipoyaona atasikia moto unavyovuma.

Sasa pesa. Noah hapana. Zile za bati za mwaka jana zilipita kwa Kaka na Mama bado analala na beseni kitandani, na vuli hiyo inaingia. Safari hii nakutumia wewe, kwenye namba yako, jina litokee lako. Mchukue Fundi Mbaruku, si yule rafiki yake Kaka. Bati za geji 28, wasikudanganye na 30, hizo ni nyembamba. Kenchi iliyooza itolewe yote. Fundi akimaliza, nitumie picha ya dari ya chumba cha Mama, sio ya bati kwa nje. Kwa nje Kaka anaweza kupiga picha ya nyumba yoyote Ngamiani.

Ni mimi mdogo wako,
Zaina