Shukrani kwa fundi wa Dumila

Jamani huyu kaka hata jina lake sikupata, ila lazima nimshukuru mbele za watu. Ijumaa jioni natoka Morogoro naenda Dodoma na mama mgonjwa, kukaribia Dumila taa nyekundu ya oili ikawaka, nikasimama nikachomoa stiki, oili ipo, nikasema aah hii swichi inayowasha taa tu imekufa, nikataka kuondoka. Yeye yuko pembeni na pikipiki yake akapaza sauti, "Dada zima, usiwashe tena!"

Akafungua ile swichi ya presha, akafunga geji yake ya kupima presha ya oili kwenye tundu lile lile, akasema piga stata kidogo. Mshale haukufika hata 5. Akaniambia swichi nzima dada, oili ndio haipandi. Tukavutwa hadi kwake, akamwaga oili, akashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaona kwa macho yangu chujio la pampu limezibwa na vipande vya silikoni, ile gundi ya kuzibia sampo, fundi wa mwanzo alipaka nyingi mno iliyozidi ikakatikia ndani. Akaliosha na petroli, akapuliza, akakwangua sampo lote, akapaka silikoni nyembamba kama uzi na akasubiri ikauke kwanza! Filta mpya, oili mpya, geji ikasoma 20 injini ikiwa ya moto bila kukanyaga mafuta, ndio akarudisha swichi.

Saa tano usiku hiyo. Alichukua hela ya oili na filta tu, ya ufundi akakataa, akasema kamnunulie mama supu. Mafundi wengine tafadhali muwe na geji, msikisie. Kaka, mama anakuombea kila siku.