Kabla hujarudi kwa mshauri wako

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi. Umeniuliza utajuaje kama mshauri nasaha uliyempata hakufai, au ni wewe tu unayeikwepa kazi ya tiba. Yote mawili hutokea, tena mara nyingine kwa mtu mmoja.

Anza na sifa zake, hapo ni pepesi. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha kwa kawaida hutibu kwa mazungumzo. Mtu anayesikia sauti, au aliyekosa usingizi siku nyingi mfululizo, aanzie kwa daktari. Wewe muulize wako alisomea wapi na nani amemsajili, kisha uhakikishe huko huko kwenye usajili. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Sasa penye uzito. Mwaka 1979, Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba uhusiano wa tiba una mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi itakayofanywa kulifikia, na kuaminiana. Wengi tunapima hilo la tatu peke yake. "Mpole, ananisikiliza." Sawa, lakini mnasikilizana kwenda wapi? Muulize waziwazi: "Kwa hofu hii inayonipanda ghafla, tutafanya nini hasa, na tutajuaje kuwa inapungua?" Anayeijua kazi atakujibu kwa lugha ya kawaida: wiki za mwanzo mtaandika hofu inakushika wapi, saa ngapi, na unafanya nini ikikushika, baadaye mtaanza kuvikaribia, hatua kwa hatua, vile unavyovikimbia. Akikujibu tu kwamba anatumia kila mbinu kutegemea na mteja, mwombe mfano mmoja. Akikosa hata huo, ujue hana mpango. Hofu ya aina yako inahitaji mazoezi. Miezi ya kusimulia utoto bila zoezi hata moja inaweza kukuacha ulipo, hata kama mnapatana sana.

Kikao huwa dakika 45 hadi 50, na cha kwanza karibu chote huishia kwenye maswali ya historia yako, kwa hiyo usimhukumu kwa hicho. Mpe vitatu au vinne. Lakini akikutongoza, akikushirikisha biashara zake, akikuahidi kupona kabisa, au akikwambia uache dawa alizokuandikia daktari, usingoje cha nne.

Kutoka umechoka, hata umelia, si dalili mbaya. Angalia unachobaki nacho jioni. Baada ya kikao kigumu chenye faida unaweza kutaja kilichouma na kwa nini kiliguswa. Baada ya kikao kibaya unabaki na aibu tu, kama mtoto aliyetoka kukaripiwa. Na kuna dalili ninayoiamini kuliko zote: ukijikuta unapamba habari ili umfurahishe, kwa mfano unasema umefanya zoezi ambalo hukulifanya, hapo pana kitu. Huenda unamwogopa yeye, huenda unaliogopa zoezi.

Namna ya kutofautisha ni kumwambia. Kikao kikianza, si dakika tano za mwisho, sema: "Wiki iliyopita uliponiambia nimsamehe tu, nilijifunga, sikutaka kuongea tena." Kisha nyamaza umtazame. Mzuri atauliza kilichotokea ndani yako, na pengine atakiri kwamba aliharakisha. Mbaya atajitetea, au ataifanya hiyo nayo kuwa ugonjwa wako. Ukiamua kuondoka, usitoroke kimya kimya. Chukua kikao kimoja cha kufunga, mwombe akuelekeze kwa mwingine na akuandikie muhtasari wa mlichokwisha fanya, usije ukaanza upya kila kitu.

Halafu muulize mipaka ya usiri, maana kama hajakueleza mpaka leo amechelewa: ni lini analazimika kumwambia mtu mwingine? Kwa kawaida ni pale uhai wako au wa mwingine unapokuwa hatarini, au mtoto anapodhulumiwa.

Sentensi ya kumwambia iandike leo, uniletee niione kabla ya kikao chako. Ikianza na "samahani, labda ni mimi tu", hiyo sehemu naifuta.

Wako,
Mwanaidi