Iache noti izime yenyewe

Kwako ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini wewe na wote wa nyumbani mko salama. Umeuliza urekodi wimbo gani, na kwa namna gani, ili mtu ambaye hajawahi kulisikia gitaa lako la stili, lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, aijue rangi ya sauti yake. Nakujibu kwa kirefu, maana kazi hii mara nyingi huharibika kabla hata kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa.

Kubwa kuliko yote ni hili: sauti ya gitaa la stili haikai kwenye mpigo, inakaa kwenye mkia. Ukishapiga, chuma kizito kinalala juu ya uzi na uzi unaendelea kulia sekunde nyingi. Katika sekunde hizo ndipo gitaa moja hutofautiana na jingine: hili linabaki na utamu wa kati, lile linakonda na kuacha mlio mkali tu. Basi chagua wimbo wenye noti ndefu na nafasi kati yake. Mimi ningechukua wimbo wa kubembeleza mtoto, ule ambao kila mtu kwenu anaujua. Msikilizaji anayeujua wimbo hahangaiki kuufuata, masikio yake yanabaki kwenye sauti. Mwendo uwe mapigo 66 hadi 72 kwa dakika, na urefu usizidi dakika mbili.

Kwa nyuzi sita zilizofungwa C6, yaani kutoka nzito hadi nyembamba C, E, G, A, C, E, pigia katika F. Hapo kodi ya nyumbani, yaani zile noti za pamoja ambazo wimbo huzirudia kama makao yake, unaipata kwenye mstari wa 5 wa shingo ya gitaa, B bemoli kwenye wa 10, na C kwenye wa 12. Eneo hilo la kati ndilo lenye sauti nene. Ukipanda juu ya mstari wa 17, uzi uliobaki ni mfupi na noti inakufa haraka. Ukitegemea nyuzi zilizo wazi nako unapoteza mtetemo wa mkono, kwa sababu hakuna chuma juu ya uzi. Kumbuka pia kwamba nyuzi huhesabiwa kuanzia nyembamba, na uzi wa 3, ule wa A, ndio unaoigeuza kodi kuwa ya sita. Ukitaka F safi, piga uzi wa 1, wa 2 na wa 4, uruke wa 3.

Nyuzi ziwe mpya, lakini zifunge siku moja au mbili kabla, zivutike na kutulia. Wa kwanza uwe wa unene wa inchi 0.015 hivi, na wa sita 0.036 au 0.038. Gitaa likae wazi chumbani nusu saa kabla ya kutyuni, hasa kama mwili wake ni wa metali. Lile gitaa la kwanza la umeme la chapa ya Rickenbacker la miaka ya 1930, lenye umbo la kikaango, lilikuwa la alumini, na lilisumbua kwa jambo hilohilo: likipata joto la taa metali inatanuka na tyuni inahama.

Kwenye tyuni usikiamini kipimo cha dijitali peke yake. Ukiziweka E zote mbili sawasawa na kipimo, kodi itakuwa na msuguano, na msuguano huo utausikia zaidi kadiri noti inavyorefuka. Kwa sikio safi, E hushuka senti 14 hivi chini ya kipimo (senti 100 ni nusu-toni moja), na A hushuka senti 16. Lakini ukisindikizwa na gitaa la kawaida au kinanda, shusha nusu tu, senti 7 au 8, usije ukagombana nao.

Sasa mkono wa kushoto. Chuma kiwe na uzito wa gramu 200 hadi 250. Chepesi kinakatisha mkia na kuleta mlio wa bati. Kifute kwa kitambaa kikavu, na kikiwa na mkwaruzo kiweke kando, kwa sababu maiki itausikia kila kinapoteleza. Kidole cha pete na cha mwisho vilale juu ya nyuzi nyuma ya chuma wakati wote. Wengi wanalisahau hili, kisha wanalaumu pikapu, ile sumaku yenye koili inayonasa mlio wa nyuzi. Sehemu ya uzi iliyo nyuma ya chuma nayo inalia, kwa noti isiyo na uhusiano na wimbo, na matokeo yake ni kelele nyembamba ambayo hakuna programu itakayoiondoa. Tazama mstari ukiwa wima juu yake. Ukitazama kwa pembeni utajikuta juu au chini ya noti kila mara. Mtetemo uanze baada ya noti kusikika imenyooka, si pamoja nayo, nao uwe mpana kidogo na wa polepole.

Mkono wa kulia, vaa kucha ya plastiki kwenye dole gumba na za bati kwenye shahada na cha kati. Piga karibu nusu ya umbali kati ya chuma na daraja kwa sauti nene, sogea darajani kwa sauti kali. Katika rekodi ya kuonyesha gitaa, fanya vyote viwili, kila kimoja kwa mstari mzima wa wimbo, ili msikilizaji apate kulinganisha. Pikapu iwe milimita 3 hivi chini ya nyuzi. Ikikaribia mno, sumaku inauvuta uzi na noti za chini zinayumba.

Mvumo wa umeme ndio adui wa rekodi hizi, kwa sababu noti inapofifia, mvumo hubaki palepale. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo utausikia hapo na kwenye 100 na 150. Zima friji kwa robo saa, ondoa chaja za simu ukutani, zima taa za kupunguza mwanga, na kompyuta iendeshe kwa betri. Kisha, ukiwa umevaa hedifoni, zunguka na kiti chako taratibu. Pikapu ya koili moja ina upande ambao mvumo karibu unapotea. Ukishaupata, weka alama ya miguu ya kiti sakafuni kwa chaki.

Njia ya sauti iwe fupi: gitaa, pedali ya sauti (ya kupandisha na kupunguza sauti kwa mguu), kisha kadi ya sauti, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, kwenye tundu lenye alama ya ala. Usichomeke kwenye tundu la kawaida la laini. Upinzani wake ni mdogo, unaila ile nuru ya juu, na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Kebo kutoka kwenye gitaa isizidi mita 5, kwa sababu kebo ndefu nayo inaila nuru hiyo.

Kama una amplifaya nzuri, rekodi zote mbili kwa pamoja, waya na maiki. Inyanyue amplifaya juu ya kiti, isikae sakafuni, la sivyo besi itavimba. Maiki ya kawaida ya jukwaani iwekwe sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa cha spika, kati ya katikati na ukingo. Ukiisogeza kuelekea katikati sauti inakuwa kali, ukingoni inakuwa laini. Nyuma ya maiki simamisha godoro. Kanga na mapazia mepesi hayanyonyi sauti ya chini hata kidogo. Usirekodi kwa programu ya sauti ya simu, kwani nyingi hupandisha kiwango zenyewe noti inapofifia, na hapo ndipo ule mkia tunaoutafuta unapotea. Mvua juu ya mabati nayo haina dawa, subiri ipite.

Kwenye programu ya kurekodi, weka biti 24 na kilohezi 48. Piga uzi wa 6 kwa nguvu zako zote, halafu uzi wa 1, upange kiwango ili kilele kifike desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo. Nafasi hiyo ya juu si hasara. Sauti ya stili ikipasuka kwenye mpigo mmoja, noti nzima imeharibika. Ukisikia sauti inachelewa kwenye hedifoni, punguza ukubwa wa bafa (akiba ya sauti ndani ya kompyuta) hadi 128 au 64 wakati wa kurekodi. Programu ya Audacity inatosha kabisa kwa kazi hii, na ni ya bure.

Mpangilio wa wimbo ningeufanya hivi. Anza peke yako bila msindikizaji, noti moja tu kwenye uzi wa 4, pedali imefunguka yote, uiache ilie hadi karibu kuzimika. Watu wataona unapoteza muda, lakini sekunde hizo tano ndizo zitakazowaambia zaidi. Kisha mstari wa kwanza wa wimbo kwa noti mojamoja kwenye nyuzi nzito, gitaa la nyuzi za nailoni likiingia chini yako kwa upole, bila ngoma. Mzunguko wa pili uwe wa noti mbilimbili. Wa tatu weka sauti za kengele: shikilia mstari wa 5, gusa uzi kwa ubavu wa kiganja juu ya mstari wa 17, piga na uondoe mkono mara moja. Ukichelewa kuuondoa, sauti inakuwa kavu na fupi. Malizia kwa kodi ya F, na usiguse chochote hadi sindano ya kipimo cha kiwango cha sauti ilale kabisa. Mkia huo wa mwisho usiukate.

Kwenye pedali, jifunze kupiga ikiwa imefunguka nusu, kisha uikandamize polepole kadiri noti inavyodhoofika. Wapigaji wa Kimarekani hufanya hivyo, na Demola Adepoju, aliyepiga stili ya pedali (aina yenye pedali za kubadilisha noti) katika bendi ya King Sunny Adé ya Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni wa kusikilizwa kwa makini: noti zake zinaelea juu ya gitaa nyingi na ngoma bila kuzigombania nafasi.

Kusafisha rekodi kusiwe kwingi. Uzi wako wa chini kabisa ni C ya hezi 131, na chuma hupandisha noti, hakishushi. Basi kata kila kilicho chini ya hezi 90 bila woga. Hutapoteza hata noti moja. Ikichoma masikio, punguza desibeli 2 kati ya kilohezi 2.5 na 4. Kibana-sauti, kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo, usitumie: noti inapofifia, kinaupandisha mvumo. Kizuia-kelele, kinachozima kila sauti iliyo ndogo, nacho ni kibaya zaidi, kinakata mkia kwa kisu. Mwangwi uwe mmoja, wa sekunde 1.2 hadi 1.5, uchelewe milisekunde 25 kabla ya kuanza, na uuondolee besi. Ongeza mpaka uusikie, kisha rudisha nyuma theluthi moja. Najua mwangwi mwingi huipendeza stili, lakini mwangwi mwingi hufanya gitaa zote zisikike sawa.

Hifadhi WAV, na ukinitumia kwa WhatsApp itume kama dokumenti, isiwe ujumbe wa sauti, maana huko inabanwa vibaya. Nitumie na ile kavu, kabla hujagusa chochote, pamoja na umbali wa pikapu kutoka kwenye nyuzi na uzito wa chuma. Wasalimie sana nyumbani.

Wako daima,
rafiki yako