Lavenda na ndoo zangu

Montpellier, 12 Oktoba

Shoga yangu Rehema,

Salamu zako nimezipata, na picha ya bogenvilia yako iliyojaa vumbi nimeiona. Nimecheka! Unataka nikutumie mbegu za lavenda, eti maua ya huku kusini mwa Ufaransa yanavumilia ukame na ukame Dodoma mnao. Ngoja kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipanda miche sita. Jua la Julai lilipowaka, nikawa namwagilia kila jioni, si unajua tulivyolelewa na ndoo kichwani. Wiki ya tatu minne ikanyauka. Nikaongeza maji. Nilipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa myeusi, inateleza kama mlenda, inanuka. Bibi jirani akachungulia uani: "Nani kakuambia ina kiu?"

Kumbe mvua ya hapa kwa mwaka haipishani sana na yenu, ila huku inanyesha zaidi wakati wa ubaridi, na kiangazi ni kikavu. Yenu inakuja Desemba hadi Aprili, joto nalo lipo. Lavenda jua kali inalistahimili. Joto na tope kwa pamoja ndivyo vinavyoiozesha.

Siku hizi napanda Oktoba, mizizi ishuke kabla ya jua. Samadi siweki hata kiganja (mama angenishangaa). Nachanganya changarawe, nazungushia shina kisahani cha udongo cha kushika maji, na kiangazi cha kwanza namwaga ndoo nzima mara moja kila wiki mbili au tatu. Mwaka wa pili, ijitegemee. Maua yakiisha napogoa, ila sigusi shina gumu la chini lisilo na majani, maana hapo haichipui tena.

Lakini kipenzi changu ni sistusi, kichaka cha maua cha huku. Ua lake limekunjamana kama karatasi iliyotoka mfukoni. Linafunguka asubuhi, jioni petali ziko chini, kesho yanafunguka mengine. Majani yananata mkononi, na harufu yake saa sita mchana kama ubani.

Wewe anza na rozimari, haina makuu. Lavenda iweke kwenye chungu chenye tundu, changarawe nusu, na masika uisogeze chini ya paa. Mbegu zake huota polepole sana, usinitukane.

Nitampa shemeji, anakuja Krismasi. Naye akirudi, mpe mlenda mkavu, wa kutosha. Ule wa dukani Paris ni ghali na hauna ladha.

Wako,
Zuhura