Safari ya meli ichaguliwe kwa kumtazama msafiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni kuhusu makala za likizo za meli za kitalii, ambazo aghalabu husifu ukubwa wa chombo, mabwawa ya kuogelea na wingi wa migahawa, kisha humwacha msomaji asijue kama safari hiyo inamfaa yeye na wale anaofuatana nao. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Kwa familia yenye vijana wasiotulia huo ni uhondo, lakini kwa wazee wawili wanaotaka kusoma na kutazama bahari ni sawa na kulala sokoni.

Rai yangu ni kwamba uchaguzi uanze kwa msafiri aliye dhaifu kuliko wote katika kundi. Kampuni nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi 6, na katika safari za kuvuka bahari kuu kiwango hicho hupanda hadi miezi 12. Mjamzito naye kwa kawaida hukataliwa ikiwa atafikia wiki ya 24 kabla ya safari kumalizika. Vilabu vya watoto, ambavyo matangazo huvipamba sana, mara nyingi huanza kupokea watoto wa miaka 3 ambao wameshaacha nepi, hivyo mzazi wa mtoto wa miaka 2 anayedhani atapumzika ajue kwamba huenda akabaki kuwa yaya wake mchana kutwa.

Kwa mwenye magoti mabovu, ratiba ya bandari ina uzito kuliko meli yenyewe. Ziko bandari ambako meli haifungi gatini bali hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa boti ndogo zinazopanda na kushuka na mawimbi. Santorini, nchini Ugiriki, ni mfano mzuri: abiria akishatua chini ya jabali, hupanda hadi mji wa Fira kwa gari la kamba za waya, au kwa punda, au kwa miguu yake mwenyewe kupitia ngazi zaidi ya 500. Picha za kijitabu cha safari huonyesha mji ulio juu tu.

Kuhusu chumba, watu hulipa fedha nyingi kupata kile cha juu chenye roshani, wakasahau kwamba meli ikianza kwenda mrama, sitaha za juu, yaani ghorofa za juu za meli, ndizo zinazoyumba zaidi, na omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Anayechafukwa na bahari atalala vizuri zaidi katikati ya chombo, sitaha za chini, na mara nyingi kwa bei nafuu. Asiyeiamini bahari kabisa anaweza kuchagua mto, kama Nile kati ya Luxor na Aswan nchini Misri, au Danube huko Ulaya, ingawa vyombo vya mtoni ni vidogo na watoto hawana mengi ya kuwachangamsha humo.

Ukubwa pia una gharama ambayo haitajwi. Huko Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha watu, na hata kwa meli ndogo hawatakiwi kuwa zaidi ya 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja. Aliyepanda meli kubwa atawatazama pengwini kwa darubini. Bei ya kuvutia ya Karibi nayo mara nyingi ni ya msimu wa vimbunga, kuanzia Juni hadi Novemba, ambapo nahodha anaweza kuruka bandari uliyoifuata.

Ombi langu kwa dawati lako, Mhariri, ni dogo. Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja anayelala chumba kimoja na mwenzake, na anayesafiri peke yake huweza kutozwa karibu mara mbili. Bakshishi ya kila siku, vinywaji, intaneti na matembezi ya bandarini mara nyingi huja baadaye. Mnapochapisha makala ya safari ya meli, tafadhali andikeni jumla ya gharama kwa familia ya watu wanne, bandari zipi zinahitaji boti ya kushukia, na umri wa chini wa mtoto anayekubaliwa.

Msomaji wako