Muuzaji Akisema "Ni Sensa Tu": Kukagua Gari Lililotumika Kabla ya Kulinunua

Swali ambalo wateja hutuletea mara nyingi linahusu gari la miaka mingi ambalo taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na ambalo mwenye nalo, kwa uungwana kabisa, amekwisha kueleza kwamba tatizo ni sensa, yaani kifaa kinachopima hali fulani ya injini na kuipelekea kompyuta ya gari taarifa, na kwamba ndiyo sababu ya kupunguza bei. Mnunuzi anataka kujua kama alichukue. Sisi humwomba kwanza atofautishe mambo mawili: sensa iliyokufa, na sensa nzima inayotoa taarifa ya kweli kuhusu ugonjwa ulio mahali pengine katika injini. Gari lenye sensa iliyokufa huenda likawa ununuzi mzuri. Lenye ugonjwa mahali pengine linaweza kumgharimu mnunuzi kuliko punguzo lote alilopewa.

Kompyuta ya injini haioni vipuri. Hupokea ishara za umeme, huzilinganisha na mipaka iliyowekewa, na ishara inapotoka nje ya mipaka hiyo huandika msimbo na kuwasha taa. Kwa mfano, msimbo P0171 maana yake ni kwamba hewa imezidi katika mchanganyiko, ambao kwa injini ya petroli unatakiwa kuwa takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Anayeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, na kwa kuwa jina lake linatajwa, mara nyingi ndiyo inayobadilishwa. Taa huzimika siku chache kisha ikarudi, kwa sababu chanzo kilikuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au uchafu kwenye sensa inayopima hewa inayoingia. Kubadilisha kipuri kwa kusoma msimbo peke yake ni kubahatisha, na tunasikitika kila tunapokuta gari lenye sensa mpya tatu na kasoro ileile.

Zipo sensa zinazokufa kweli. Sensa ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), inayoiambia kompyuta mahali krenki ilipo na kasi inayozunguka, hukaa karibu na joto la injini kwa miaka mingi, na dalili yake ya kawaida inajulikana kwa mafundi wote: gari linazimika likishapata moto, linakataa kuwaka, kisha linawaka vizuri likipoa. Msimbo wake huwa P0335. Ikithibitika kwamba ni sensa yenyewe, kazi hiyo kwa magari mengi si kubwa, ingawa hatumshauri mtu yeyote aliendeshe gari hilo barabara kuu kabla ya kulitengeneza, maana linaweza kuzimika katikati ya magari mengine.

Hali ni tofauti kabisa msimbo ukiwa P0016, ambao wauzaji wengi pia huuita "tatizo la sensa". Huo unasema kwamba krenki na kemshafti (mhimili unaofungua valvu) hazipatani. Sensa zote mbili zinaweza kuwa nzima, na kilichoharibika kikawa cheni ya taimingi, inayoziunganisha hizo mbili, iliyorefuka, kikazio chake kilicholegea, au njia za oili zilizoziba kwa sababu oili haikubadilishwa kwa wakati. Katika injini ambazo valvu na pistoni hupita nafasi moja kwa zamu, cheni ikiruka meno valvu zinaweza kupinda. Kwa hiyo tunapenda kulisikiliza gari likiwashwa asubuhi likiwa baridi: mgongano wa cheni katika sekunde za mwanzo ni taarifa ambayo mashine ya kupimia haiwezi kuionyesha.

Katika gari la zamani, waya hustahili kushukiwa kabla ya sensa. Soketi za plastiki hukauka na kuvunjika, oili huvujia ndani yake, panya hutafuna, na fundi wa zamani huenda aliunga waya kwa kuusokota na kuuzungushia utepe. Fundi wetu huutikisa waya injini ikiwa inaunguruma, huku akitazama takwimu za sensa kwenye mashine. Zikiruka, chanzo kimepatikana.

Lazima pia tuseme wazi kuhusu taa iliyozimwa kabla ya mnunuzi kufika. Kufuta msimbo ni kazi ya dakika moja, lakini hufuta pia majaribio ambayo kompyuta hujifanyia, na majaribio hayo hukamilika tu baada ya gari kuendeshwa kwa muda katika hali mbalimbali. Mfumo huu wa kompyuta kujipima na kuandika misimbo, uitwao OBD-II, ulikuwa wa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Tukikuta majaribio mengi hayajakamilika, tunajua kwamba kumbukumbu ilifutwa au betri ilichomolewa karibuni. Vilevile, unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa hiyo inatakiwa kuwaka. Isipowaka, yawezekana balbu imeondolewa.

Muulize muuzaji amekaa na kasoro hiyo kwa muda gani. Sensa ya joto la maji inayodai kwamba injini ni baridi wakati wote huifanya kompyuta imwage petroli nyingi, ambayo huosha oili kwenye kuta za silinda, huvuja hadi kwenye oili chini, na kuunguza katalisti (kifaa cha kusafisha moshi). Ndiyo maana tunanusa oili kwenye kijiti cha kupimia, tukitafuta harufu ya petroli, hata pale malalamiko yanapohusu sensa pekee.

Ukitaka tukukagulie gari, lilete likiwa baridi na kwa ridhaa ya mwenye nalo. Tutakupa maelezo ya maandishi yenye misimbo iliyopo, hali ya majaribio, chanzo tulichokithibitisha na gharama ya kukiondoa, ili mjadiliane bei kwa kilichopimwa. Muuzaji akijitolea kubadilisha sensa mwenyewe kabla ya ukaguzi, mwombe kwa heshima asiiguse kwanza, kwa sababu kasoro ikiwa bado ipo ni rahisi zaidi kuifuatilia hadi chanzo chake.